Clandon Park: moto uliopanda na lifti, na ubishi wa gofu la jumba

Tarehe 29 Aprili 2015, saa kumi alasiri na ushei, moshi ulionekana ukitoka orofa ya chini kabisa ya Clandon Park, jumba la karne ya 18 karibu na mji wa Guildford, katika jimbo la Surrey nchini Uingereza. Usiku ulipoingia paa lilikuwa limekwisha kuanguka. Asubuhi zilibaki kuta nne za nje za matofali mekundu, kuta nene za ndani, na chumba kimoja tu kati ya vyote vilivyokuwa vikionyeshwa kwa wageni.

Tangu siku hiyo ubishi haujaisha. Jumba lirudishwe kama lilivyokuwa, au libaki gofu, yaani kuta tupu? Magazetini limejadiliwa kama suala la hisia: hawa wanapenda urithi, wale wanapenda mambo mapya. Nadhani mjadala umeanzia pabaya. Ukitaka kujua nini kifanywe Clandon, anza na jinsi lilivyojengwa na jinsi lilivyoungua, kwa sababu kilichobaki pale kiliamuliwa na mambo hayo mawili kabla ya kamati yoyote kukaa kikao.

Ukoo wa Onslow ulinunua shamba la Clandon mwaka 1641. Jumba tunalolizungumzia lilijengwa miaka ya 1720 na 1730 kwa amri ya Thomas Onslow, baroni wa pili. Fedha nyingi zilitoka kwa mkewe, Elizabeth Knight, mrithi wa mali ya Jamaica iliyochumwa kwa jasho la watumwa kwenye mashamba ya miwa. Jambo hili si la kupachikwa pembeni. Bila miwa ile, Onslow angebaki na nyumba ya zamani ya babu zake.

Msanifu alikuwa Giacomo Leoni, Mwitalia wa Venice aliyehamia London na kujipatia jina kwa kuwatolea Waingereza toleo la vitabu vinne vya usanifu vya Andrea Palladio, kuanzia mwaka 1715 hivi. Palladio alifariki mwaka 1580, lakini Waingereza wa karne ya 18 walimshika kama imamu wao. Alichowafundisha ni kwamba uzuri wa jengo uko kwenye uwiano: upana wa chumba kwa urefu wake, urefu kwa kimo, dirisha kwa ukuta. Nakshi huja baadaye. Ukikosea uwiano, hakuna nakshi itakayokuokoa.

Kwa nje Clandon si jumba la kumshtua mtu. Ni sanduku kubwa la matofali mekundu lenye urembo wa mawe, na kila upande una sura yake, kana kwamba Leoni alikuwa bado anajadiliana na nafsi yake. Wapo waliolisifu na wapo waliosema ni zito. Mimi niko na hao wa pili. Mlango wa mbele wenye kibaraza cha kushukia magari ya farasi, uliobandikwa miaka ya 1870, ulizidi kulipa sura ya mtu aliyevaa koti lisilo lake.

Ndani ndiko kulikokuwa na mambo. Mgeni alipovuka kizingiti aliingia moja kwa moja kwenye Ukumbi wa Marumaru, chumba cha orofa mbili kilichopimwa kuwa mchemraba: futi 40 kwa futi 40 kwa futi 40, yaani zaidi kidogo ya mita 12 kila upande. Sakafu ilikuwa marumaru. Kwenye meko ya kuotea moto kulikuwa na kazi ya mchongaji Michael Rysbrack. Juu kulikuwa na dari ya lipu inayohesabiwa kuwa kazi ya Artari na Bagutti, mafundi kutoka upande wa milima ya Alps walioizunguka Uingereza wakipamba dari za matajiri. Katika dari ile walifinyanga watu wazima wa lipu walioketi ukingoni, miguu yao ikining'inia hewani juu ya vichwa vya wageni. Ukumbi mzima ulikuwa mweupe, na kuta nyingine za jumba zikawa za rangi na hariri, kwa hiyo mtu alipotoka pale kwenda vyumba vya ndani alihisi kama ametoka barazani na kuingia chumbani.

Tuje kwenye moto. Uchunguzi wa kikosi cha zimamoto cha Surrey uliukuta mwanzo wake kwenye bodi ya kugawia umeme, ndani ya kabati katika orofa ya chini. Palikuwa na hitilafu kwenye maungio ya bodi yenyewe. Hitilafu ya namna hiyo katika nyumba ya kawaida ingeteketeza kabati na labda chumba kimoja, zimamoto wakafika, mambo yakaisha. Clandon moto ulipata njia. Karibu na pale palikuwa na shimo la lifti linalopanda orofa hadi orofa. Moto hupenda kupanda, na shimo la lifti ni dohani ambayo hakuna aliyeijenga kwa nia ya kuwa dohani. Ukafika juu haraka, ukaingia kwenye nafasi iliyo chini ya paa, ukatambaa humo upande hadi upande, kisha ukaanza kushuka chumba kwa chumba.

Hapa ndipo usanifu wenyewe unapoingia kwenye kesi. Nyumba za aina hii zina ngozi mbili. Kuna ukuta wa tofali, halafu mbele yake kuna ubao au lipu iliyoshikiliwa na fito za mbao, na katikati kuna nafasi ya hewa. Chini ya sakafu kuna nafasi kati ya boriti. Juu ya dari kuna nafasi nyingine. Mafundi wa karne ya 18 walizihitaji nafasi hizo ili mbao zisiguse tofali lenye unyevu na ili nakshi zipate pa kushikia. Karne zilizofuata wakapitisha humo kengele za kuwaitia watumishi, mabomba, na mwishowe nyaya za umeme. Kila tundu lililotobolewa liliunganisha chumba na chumba. Unaposimama sebuleni unaona ukuta mnene kama ngome, na moto unaona vichochoro.

Sheria za moto, kwa Uingereza kama kwingi duniani, zinajali kwanza watu watoke salama. Watu wote walitoka Clandon salama. Kwa kipimo hicho jengo lilifaulu. Hakuna sheria iliyosema dari ya Artari nayo itoke salama, na kuzigawa nafasi zile kwa vizuizi vya moto kungemaanisha kubomoa sehemu ya kile unachokilinda. Wahifadhi wengi walilijua tatizo hili kwa miaka, wakaliahirisha, kwa sababu kuvunja lipu ya mwaka 1730 ili kuikinga na moto ambao huenda usije ni uamuzi ambao hakuna anayetaka jina lake liandikwe chini yake.

Vitu mamia kadhaa viliokolewa. Wafanyakazi na zimamoto walipokezana mikono kwa mikono hadi uwanjani, wakifuata mpango uliokuwa umeandikwa kabla. Lakini sehemu kubwa ya mkusanyiko ilipotea: samani, kaure za Kichina, michoro. Orofa ya chini ilikuwa na makumbusho ya vikosi vya askari wa miguu wa Surrey, na humo uliungua mpira wa miguu ambao askari waliupiga mbele yao walipotoka kwenye mahandaki siku ya kwanza ya mapigano ya Somme katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 1 Julai 1916.

Chumba kilichopona ni Sebule ya Maspika, iliyopewa jina hilo kwa kuwa ukoo wa Onslow ulitoa maspika watatu wa Bunge la Uingereza, wa mwisho akiwa Arthur Onslow aliyeketi kitini kuanzia 1728 hadi 1761. Dari yake ilishika na meko yake yako mahali pake. Vyumba jirani vilikuwa jivu.

Ili kuielewa Clandon lazima uiweke kando ya Uppark, jumba jingine katika jimbo la West Sussex lililo, kama Clandon, chini ya National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi. Uppark ilijengwa mwishoni mwa karne ya 17. Tarehe 30 Agosti 1989, ukarabati wa paa ukiwa unakaribia kwisha, mafundi waliokuwa wakichomelea mabamba ya madini ya risasi ya paa kwa tochi ya gesi waliwasha mbao zilizokuwa chini yake. Jumba liliungua mbele ya macho ya wageni waliokuwa wakitembezwa.

Ila Uppark iliungua kutoka juu kwenda chini. Tofauti hii ndogo ndiyo iliyoamua kila kitu. Paa lilipoanguka, sakafu za juu zililizuia kwa muda, na watu wakapata saa kadhaa za kutoa vitu kwenye vyumba vya chini: samani, mazulia, picha, hata mbao za kutani zilizong'olewa na karatasi za ukutani zilizobanduliwa. Moto ulipozimwa, karibu kila kitu cha vyumba vya maonyesho kilikuwa kimelala kwenye nyasi, na sehemu kubwa ya kuta za vyumba hivyo ilikuwa bado imesimama na nakshi zake. Kifusi kilichujwa kwa mkono na kuhifadhiwa kwenye maelfu ya mapipa ya taka. Mafundi walilazimika kujifunza upya kufinyanga lipu ya chokaa kwa mkono huru papo hapo darini, kazi iliyokuwa karibu kusahauliwa Uingereza. Mwaka 1995 Uppark ikafunguliwa tena, ikiwa imerudishwa kama ilivyokuwa siku moja kabla ya moto, kwa gharama ya takribani paundi milioni 20.

Waliotaka Clandon irudishwe waliitaja Uppark kila mara. Windsor nayo wakaitaja, kasri lililoungua mwaka 1992 na kukamilika mwaka 1997. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza: tuliweza, tutaweza tena. Lakini Uppark mafundi walikuwa na vitu halisi vya kurudisha, wakajaza mapengo. Clandon, ambako moto ulitoka chini, ukapanda na kuteremka, pengo ndilo lililokuwa jengo. Ukiacha Sebule ya Maspika na mawe ya hapa na pale, mafundi wangekuwa wanajenga kutoka kwenye picha.

National Trust yenyewe ilibadili kauli, na hilo liliwaudhi watu kuliko uamuzi wowote. Mwanzoni mwa 2016 ilitangaza kwamba vyumba vikuu vya chini vitarudishwa na orofa za juu zitapewa matumizi mapya. Mwaka 2017 ikaendesha shindano la wasanifu na kuichagua kampuni ya Allies and Morrison. Miaka ikapita, kuta zikachunguzwa kwa karibu, na Julai 2022 ikatangaza kitu tofauti: jumba litahifadhiwa kwa sehemu kubwa kama gofu. Litawekwa paa jipya, ngazi na njia za kupita juu, mgeni atembee katikati ya kuta tupu hadi juu ya paa atazame bustani. Sebule ya Maspika ndiyo itakayorekebishwa.

Kwa upande wa gofu kuna hoja nzito, na ya zamani. Mwaka 1877 William Morris, mbunifu na mwandishi wa Kiingereza, na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu walichoshwa na warekebishaji waliokuwa wakikwangua makanisa ya kale na kuyavika ukale wa kubuni. Msimamo wao ni kwamba jengo ni ushahidi, na ushahidi ukishatengenezwa upya si ushahidi tena. Tena kuta tupu za Clandon zinaonyesha mambo ambayo tangu mwaka 1730 hakuna mgeni aliyeyaona. Mashimo ya ncha za boriti yamejipanga ukutani na kukuonyesha kila sakafu ilikuwa wapi. Njia za moshi zinapinda ndani ya unene wa tofali kutafuta dohani. Juu ya milango kuna matao ya matofali yanayobeba uzito, yaliyokuwa yamefichwa nyuma ya fremu za kifahari. Vipande vya mbao vilivyopachikwa kati ya matofali ili misumari ipate pa kushika vimegeuka makaa vikiwa mahali pao. Kwa fundi ujenzi, hili ni darasa ambalo hakuna nyumba nzima inayoweza kulitoa.

Mfano wa gofu linaloishi pia upo. Seaton Delaval, jumba kule Northumberland, kazi ya msanifu John Vanbrugh, iliungua mwaka 1822, na jengo lake la kati halikurudishwa kamwe kuwa makazi. Limepewa paa, na ukumbi wake una sanamu za lipu zilizounguzwa ambazo bado zimesimama kwenye vishubaka vyao. National Trust ililipokea mwaka 2009 na inalionyesha likiwa hivyo hivyo. Ni mahali pazuri kuliko majumba mengi yaliyo kamili.

Pamoja na hayo sijaridhika, na kutoridhika kwangu kunahusu chumba kimoja. Seaton Delaval inavumilia kuwa gofu kwa sababu Vanbrugh alisanifu kwa maumbo mazito: nguzo, vivuli, mawe yanayojitokeza na kurudi nyuma. Ukiondoa dari, tamthilia inaendelea. Leoni alisanifu kwa uwiano, na uwiano unahitaji pande zote sita. Ukumbi wa Marumaru ni mchemraba. Ondoa dari yake, fungua macho ya mgeni hadi kwenye paa jipya lililo juu zaidi, na mchemraba umekwisha. Kinachobaki ni shimo refu lenye meko mazuri. Gofu litamfundisha mgeni jinsi Clandon ilivyojengwa, lakini litamficha kwa nini ilijengwa hivyo. Ujenzi utaonekana na usanifu utapotea, na kwa jumba la Leoni hiyo ni hasara kubwa kwa sababu usanifu wa ukumbi ule ndio uliokuwa bora kuliko vyote ndani yake. Nje, kama nilivyosema, ni sanduku.

Wanaopinga kurudisha husema dari mpya itakuwa nakala. Kweli, lipu ya Artari na Bagutti ilikuwa kazi ya vidole, na vidole vile havirudi. Lakini chumba chenyewe? Leoni alikuwa akinukuu vipimo vya Palladio, naye Palladio alikuwa akinukuu Warumi. Mchemraba wa futi 40 haumilikiwi na lipu yake. Hata ukumbi ulioungua mwaka 2015 haukuwa wa mwaka 1730 mtupu: mwishoni mwa miaka ya 1960 John Fowler, mpambaji mashuhuri wa nyumba za kifahari, aliukwangua na kuupaka upya kwa weupe wa aina mbalimbali alioamini ndio wa awali. Wageni wa nusu karne walikuwa wakipenda jicho la Fowler kwa kiasi kile kile walichompenda Leoni. Hoja ya uhalisi ina nguvu kwa samani na kwa mbao za kuchongwa. Kwa uwiano inalegea.

Kwa hiyo swali la kurudisha au kutorudisha lilipaswa kuulizwa chumba kwa chumba. Vyumba vya kulala vya juu: gofu, bila kusita. Vyumba vilivyopoteza hariri, mbao na samani zote: gofu pia, kwani kuvirudisha ni kununua vitu mnadani na kuvipanga kama dukani. Sebule ya Maspika: irekebishwe. Ukumbi wa Marumaru ulistahili kikao chake peke yake, na katika mpango wa 2022 ulimezwa na uamuzi wa jumla. Wapinzani nao, kwa kudai jumba zima lirudi, waliirahisishia taasisi kazi ya kukataa kila kitu kwa pamoja.

Kuna nyumba nyingine pale Clandon ambayo wabishani wengi waliisahau. Bustanini ilisimama Hinemihi, nyumba ya mikutano ya Wamaori, iliyochongwa kijijini Te Wairoa, New Zealand, na kukamilika mwaka 1881. Mlima Tarawera ulipolipuka usiku wa tarehe 10 Juni 1886 na kukifukia kijiji, waliokimbilia ndani ya Hinemihi walipona. Onslow mwingine, gavana wa New Zealand, aliinunua kwa paundi 50 akaisafirisha kuwa pambo la bustani yake, na huko ikakatwa, ikaezekwa nyasi kimakosa, ikageuzwa banda la boti. Moto wa 2015 haukuifikia. National Trust imekubali mbao zake za kuchongwa zirudi New Zealand. Ninaitaja kwa kuwa pale hakuna aliyeuliza kama mbao zikihamishwa na kuunganishwa upya zitakuwa bado halisi. Kwa Wamaori Hinemihi ni bibi yao, na bibi anarudishwa nyumbani. Kumbe hata ndani ya uzio mmoja, uhalisi una sheria zaidi ya moja.

Tukirudi jumbani, nisingedai miguu ya lipu ining'inizwe upya. Ningeomba dari tu, nyeupe, tupu kama ni lazima, iwekwe futi 40 kutoka sakafuni, kwenye mstari ule ule ambao mashimo ya boriti bado yanauonyesha. Njia za kupita juu zianze baada ya hapo. Gharama yake ikilinganishwa na paa jipya na ngazi zote zinazopangwa ni ndogo, na chokaa na mafundi lipu wapo, maana Uppark iliwafundisha.